Ijumaa mzigo, Jumatatu malipo: siku mbili za kafi na hema Bunyonyi

Kama una noti ya shilingi 5,000 ya Uganda mfukoni, itoe uitazame. Yale maji yaliyozungukwa na vilima ni Ziwa Bunyonyi. Wapo wafanyabiashara wa Katuna ambao wamezihesabu noti hizo kwa mafungu, wamezifunga kwa mpira, wamezibadilisha kwa faranga upande wa Gatuna, na bado ziwa lenyewe hawajalitia machoni. Kutoka Kabale mjini hadi ufukweni ni kama kilomita nane. Kutoka hapo hapo Kabale hadi mpakani Katuna ni zaidi ya mara mbili ya umbali huo, na safari hiyo ya pili wanaifanya kila wiki.

Mke wangu alikuwa mmoja wao. Yeye anauza mchele. Anaukusanya Bukoba kidogo kidogo, magunia ambayo thamani yake haivuki dola 2,000, ili pale Mutukula aendelee kutumia cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa. Ijumaa mchana anashusha Kabale. Wateja wake wanauza Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ndipo wanapomlipa. Katikati zinabaki siku mbili ambazo hana la kufanya: kurudi nyumbani ni mbali, kukaa ni gharama. Kwa muda mrefu alizimaliza katika nyumba ya wageni jirani na stendi, televisheni ya jirani ikipiga kelele ukutani, simu mkononi, chipsi mchana na chipsi jioni. Alikuwa akiziita siku za mahabusu.

Nadhani wasomaji wengi wa ukurasa huu wanazijua siku hizo. Iwe Mutukula, Busia, Namanga, Rusumo au Kasumulu, biashara ya mpakani ina saa zake za kukimbia na saa zake za kungoja, na za kungoja ndizo zinazokula faida kimyakimya. Ndiyo maana Julai, wakati wa kiangazi, nilipopata likizo na kufuatana naye, nilimwekea wazo mezani: badala ya chumba, tubebe hema mgongoni, tupande mlima kwa miguu, tukodi mtumbwi, tulale kisiwani.

"Baba watoto," akaniambia, "mimi nina nyumba yenye bati na dari. Nikalale nje kwa kosa gani?"

Alikubali aliposikia hesabu. Kiwanja cha kupigia hema kwa usiku mmoja kilikuwa bei ya chini kuliko chumba chake cha siku zote, na hema tayari tulikuwa nalo. Hili la hema linahitaji maneno mawili, kwa sababu watu hudhani vifaa vya kulala porini ni vya wazungu na bei zake ni za wazungu. Katika marobota ya mtumba hema zimo, mifuko ya kulalia imo, mabegi makubwa ya mgongoni yenye mkanda wa kiunoni yamo. Muuzaji mara nyingi hajui alichoshika, anakuuzia kama turubai. La muhimu ni kulitandaza hapo hapo sokoni: hesabu fito zake, fungua na funga zipu mara tatu, kisha ingia ndani utazame juu kuelekea jua. Kila tundu litajionyesha lenyewe. Letu lina matundu mawili madogo, yamezibwa kwa gundi ya kuzibia tairi la baiskeli.

Kufungasha nilimwachia yeye. Mtu aliyezoea kusimamia magunia yakipangwa kwenye Fuso hafundishwi kupanga begi. Vizito aliviweka karibu na mgongo na si chini kabisa, vyepesi nje, vya kuhitajika njiani juu. Sufuria moja yenye mfuniko, kiberiti ndani ya kikopo, tochi, sweta mbili kila mtu, mfuko wa kulalia na blanketi, chumvi, vitunguu, dagaa, na kilo moja ya mchele wake mwenyewe, kwa kuwa alikataa kata kata kununua mchele wa mtu mwingine. Pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano alizitia katika mfuko wa plastiki na kuufunga mara mbili. Pesa za biashara hazikuja nasi. Kidogo alichokuwa amelipwa alikiweka kwenye simu, tukabaki na za nauli na za chakula. Hilo ningemshauri kila mfanyabiashara kabla hajakanyaga maji: usiingie mtumbwini na mtaji kiunoni.

Jumamosi asubuhi tukaanza kupanda. Kabale ni mji wa baridi, na njia ya kwenda ziwani inaupanda mlima kabla ya kuuteremka upande wa pili. Madereva wa bodaboda walitusimamia mmoja baada ya mwingine, maana hawakuelewa watu wawili wenye nguo safi wanabebaje mizigo mgongoni huku usafiri upo. "Nyabo, twende?" Mke wangu akawa anawajibu kwa Kihaya, nao wakacheka, kwa sababu walimwelewa. Lugha ya Wakiga na ya Wahaya ni za ukoo mmoja. Ndiyo maana hata jina la ziwa halikuhitaji mkalimani kwetu: Bunyonyi ni mahali pa ndege wengi wadogo.

Wakiga wamelima milima hii hadi kileleni. Kila mteremko umekatwa matuta kama ngazi: mtama, maharage, viazi mviringo, halafu mikaratusi, halafu viazi tena. Mama mmoja mwenye gunia la viazi kichwani alitupita tukiwa tumesimama kuhema. Alitusalimu, akatazama mabegi yetu, akauliza tunauza nini. Mke wangu akamwambia hatuuzi kitu, tunatembea tu. Yule mama alisimama kidogo, mzigo kichwani, kama anayesubiri sehemu ya pili ya jibu. Haikuja, akaenda zake.

Kutoka mjini hadi juu, kwa mwendo wetu, ilituchukua saa mbili na ushee. Ukifika mgongoni mwa mlima ziwa linajitokeza lote kwa mpigo, refu, limejikunja kati ya vilima kama mkono wa shati, na visiwa vimetapakaa ndani yake. Vinahesabiwa kuwa 29. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba maelfu ya miaka iliyopita lava ya volkano iliziba bonde, mto ukakosa pa kupita, maji yakapanda hadi vilima vikageuka visiwa. Uso wa maji uko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari. Maana yake kwa mtu wa hema ni moja tu: usiku ni baridi kali, hata iwe Julai.

Chini, pwani ya Rutinda, mke wangu alisimama.

Hapa lazima niwarudishe Bukoba. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, ikafa nayo mamia ya watu. Mtu wa Kagera hahitaji kukumbushwa tarehe hiyo. Waliokuwamo wengi walikuwa wafanyabiashara wadogo na mizigo yao. Shangazi yake mke wangu alikuwamo, na mikungu yake ya ndizi. Hakupatikana. Mke wangu alikuwa msichana wa shule, na tangu siku ile hakupanda chombo chochote cha majini. Mwanza anakwenda kwa basi kuzunguka ziwa, saa nyingi, na hajawahi kulalamika. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, siku ya soko, wakafa watu zaidi ya 200, alizima redio akatoka nje.

Kwa hiyo sikumsukuma. Mpango wa kando ulikuwepo: pwani nako kuna viwanja vya hema, tungelala hapo hapo. Alikaa juu ya begi lake akatazama maji kwa muda mrefu. Yalikuwa yametulia, yana rangi ya chupa, na watoto wa shule, wadogo kuliko wa kwetu, walikuwa wanavuka wenyewe kwa mitumbwi kana kwamba wanavuka barabara. Ziwa hili halina mamba wala kiboko. Kisha akanyanyuka kwenda kwa mwenye mitumbwi, akaanza kujadiliana naye jinsi anavyojadiliana na wenye maghala. Masharti yake yalikuwa matatu. Jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, na alichague mwenyewe. Mtumbwi usio na mzigo wala abiria mwingine. Na tusiende mahali ambapo ufuko hauonekani.

Jaketi alilikagua kama anavyokagua gunia. Alibonyeza sifongo yake kuona kama haijaoza, akavuta kila mkanda na kila kifungo. Mwenye mitumbwi akamwonyesha kipimo ambacho kila msafiri wa majini anapaswa kukijua: ukishalivaa na kulifunga, mtu mwingine alivute juu kwa mabega. Likikupanda hadi masikioni, ni kubwa, litakuvuka kichwani ukiwa majini. Ya kwanza mawili aliyakataa. La tatu alilivaa, na hakulivua hata tulipokuwa tunakula.

Mtumbwi wa Bunyonyi ni gogo moja la mkaratusi lililochongwa, zito, bila usukani. Kwa mgeni una tabia moja inayojulikana ziwa zima: unazunguka. Unapiga kafi upande wa kulia, pua inakimbilia kushoto. Unapiga kushoto, pua inarudi kulia na kupitiliza. Mkiwa wawili wenye mawazo mawili, mnachora duara. Sisi tulichora matatu mbele ya gati, na watoto ukingoni walikuwa wanahesabu kwa sauti.

"Piga kushoto!"

"Si ndiyo ninayopiga!"

Kijana wa mitumbwi alitufuata kwa wake, akacheka hadi akatosheka, kisha akatufundisha. Siri iko kwa anayekaa nyuma. Wa mbele kazi yake ni kuvuta maji tu, kwa mapigo sawa, bila kujali uelekeo. Wa nyuma ndiye nahodha: akimaliza kila pigo asilitoe kafi majini mara moja, alisukume kidogo kwa nje, mbali na mtumbwi, pua irudi mahali pake. Ni msukumo mdogo kama wa kufunga mlango kwa kiwiko. Na wote wawili wapige kwa hesabu moja. Tulibadilishana nafasi, mke wangu akakaa nyuma, akaanza kuhesabu moja-mbili kama wapagazi wanaposhusha magunia. Mtumbwi ukanyooka. Tangu hapo hadi Jumatatu sikuombwa tena kukaa nyuma, wala sikuomba.

Safari ya kwanza ilitupitisha Akampene, kisiwa kidogo mno, nyasi na mti wa hapa na pale. Zamani, hadi enzi za ukoloni, msichana wa Kikiga aliyepata mimba kabla ya ndoa aliweza kupelekwa pale na kuachwa afe kwa njaa, au azame akijaribu kuogelea. Iliaminika kwamba wengine wakiona hawatathubutu. Wenyeji husimulia pia kwamba mwanamume maskini, asiye na ng'ombe wa mahari, alikuwa anaweza kwenda kumchukua msichana bure awe mkewe. Watalii hupiga picha hapo. Mke wangu aliacha kupiga kafi.

"Kwa hiyo baba anamtupa," akasema, "na mwingine anangoja bei ishuke hadi sifuri." Hakusema lingine hadi tulipokipita kisiwa. Mimi nina binti wawili na sikuwa na la kuongeza.

Bwama, kisiwa kikubwa zaidi, kina habari nyingine. Daktari Mwingereza, Leonard Sharp, aliyefika Kigezi mwaka 1921, alifungua hapo mwaka 1931 makazi ya wagonjwa wa ukoma. Maji yalikuwa ukuta wa kuwatenga na watu, lakini waliokuwa ndani walipata tiba, mashamba na majirani. Leo kuna shule na kituo cha afya, na wale wanafunzi wa mitumbwi wengi huelekea huko.

Hema tulilipiga kwenye kisiwa chenye uwanja wa kambi, mahali palipoinuka kidogo ili maji ya mvua yasitufuate. Jioni mvuvi alipita na ndoo ya kamba wa ziwani, wekundu, wenye makucha kama ya kaa. Asili yao ni Marekani, waliletwa, na siku hizi ni kitoweo cha heshima Bunyonyi. Kabla sijauliza wanapikwaje, mke wangu alikuwa ameshauliza kilo ni bei gani, wanakaa hai saa ngapi nje ya maji, na nani anawanunua kwa jumla. Tulinunua wachache tukawachemsha na chumvi, tukala na wali. Mlinzi wa kambi, mzee wa makamo, alitutembelea na kibuyu cha bushera, kile kinywaji cha mtama ambacho kikiwa kipya ni kitamu kama uji na kikilala siku kadhaa kinaanza kukutazama vibaya. Kilikuwa kipya.

Mazungumzo yalikwenda mpakani yenyewe. Ukimkuta mtu wa Kabale, haichukui muda. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda ilifunga Gatuna, na mpaka ulikuja kufunguliwa Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu. Viazi vilivyokuwa vinavuka vikakosa mnunuzi, malori yakahamia Mirama Hills na njia nyingine, vyumba vya Katuna vikafungwa. Waliojaribu njia za panya walikamatwa, na wapo waliopoteza maisha kwa risasi. Yule mzee yeye hakuzungumzia viazi. Binti yake ameolewa ng'ambo, upande wa Gicumbi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Alijifungua mpaka ukiwa umefungwa. Babu alimwona mjukuu kwa mara ya kwanza anakimbia, tayari anazungumza, na mtoto akamkimbia akadhani ni askari. Alilisimulia hilo akicheka, mke wangu akamwongezea wali.

Usiku sweta mbili hazikutosha. Tulivaa kila tulichokuwa nacho. Kuna ukimya kule ambao mtu wa stendi anausahau, ukimya wa kusikia samaki akiruka. Tulizungumza hadi usiku wa manane, kuhusu ada za shule, kuhusu mama yangu, kuhusu kama anataka kuendelea na mchele au la. Tukiwa nyumbani mazungumzo kama hayo hukatwa na mteja, jirani au umeme. Sitayaandika hapa. Niseme tu kwamba tulikuwa na deni la mazungumzo la muda mrefu.

Jumapili ilitufundisha upepo. Asubuhi hadi saa nne au saa tano ziwa ni kioo, na ukungu unapanda taratibu kutoka vilimani. Mchana upepo unashuka mabondeni, na kufikia saa tisa mawimbi yanaanza kupiga ubavu wa mtumbwi. Si mawimbi ya Ziwa Victoria, lakini mtumbwi wa gogo hauna ukingo mrefu. Tulikuwa tunatoka Bwama ulipoanza. Njia fupi ilikuwa kukata katikati. Nahodha wangu aliitazama, akageuza pua kuelekea ufukoni, tukarudi kwa kuambaa ukingo, ghuba baada ya ghuba, umbali karibu mara mbili. Alikuwa anahesabu moja-mbili, moja-mbili, bila kupandisha sauti. Mikono yangu iliwaka moto. Yake pia, nadhani, ila yeye hakusema.

Halafu ikafika Jumatatu, siku ya soko Rutinda. Mteja mkubwa alipiga simu saa moja asubuhi: pesa ipo, lakini saa nne anaondoka kwenda Katuna, na hajui atarudi lini. Wakati huo huo mashua ya injini ikasogea kisiwani kuchukua watu wa soko. Ingetufikisha pwani kwa dakika chache. Ilikuwa imejaa akina mama, magunia ya mkaa, viazi, mbuzi wawili, na ukingo wake ulikuwa umebakiza juu ya maji upana wa kiganja. Jaketi nililoliona lilikuwa moja, na alikuwa amelikalia mwenye mashua. Akatuita, nauli ndogo, nafasi ipo.

Nafasi huwa ipo daima. Ndilo neno la kila chombo kilichozama.

Mke wangu alitazama mashua, akatazama simu. Pesa iliyokuwa inamngoja Kabale ilikuwa theluthi mbili ya mtaji wake. "Nenda, baba," akamwambia mwenye mashua, kwa upole kabisa, "sisi tuna wetu." Akina mama wenzake wakamcheka. Mmoja akamuuliza anaogopa maji ya kuogeshea mtoto? Akajibu kwamba haogopi maji, anaogopa magunia, kisha akamwuliza yule mama kama ameomba jaketi kwa nauli aliyolipa. Yule mama alinyamaza, akageuka kumtazama mwenye mashua. Chombo kikaondoka.

Kilifika salama, tena mapema. Sisi tulipiga kafi karibu saa nzima, tukapanda bodaboda hadi mjini, tukamkuta mteja ameshaondoka. Mke wangu alilipwa jioni, na siyo yote: sehemu alipewa siku ile, iliyobaki akaahidiwa Ijumaa. Kwa bei ya siku moja ya kungoja na usiku mmoja zaidi wa chumba, alifanya uamuzi ambao mimi binafsi nauona ni wa kibiashara kuliko mwingine wowote alioufanya mwaka huu. Anayesafiri majini kila juma kwa nauli ya bei poa anaweka rehani kitu ambacho hakimo kwenye daftari lake.

Kwa wanaopita mipaka mingine, siku zenu za kungoja zina maji yake pia. Upande wa Rwanda kuna njia ya miguu ya kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, na inakatwa vipande: si lazima uimalize, watu huchukua siku mbili kutembea na siku moja kupiga kafi kwenye kayaki za kukodi. Jioni utawaona wavuvi wa sambaza wakitoka na mitumbwi yao iliyounganishwa mitatu mitatu, wakiimba. Sambaza ni yule yule jamaa wa dagaa wa Kigoma, aliyepelekwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Tahadhari ya huko ni ya nchi kavu: karibu na Goma na Rubavu kuna mashimo na mabonde ambamo gesi ya ukaa hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Wenyeji huiita mazuku. Haionekani, na huua mifugo na watu waliolala. Usipige hema bondeni hata kama upepo unakusumbua kilimani, na umwulize mwenyeji kabla hujachomeka mambo ya kwanza. Upande wa Goma kwenyewe, tangu mji ulipotekwa Januari 2025, si wakati wa matembezi.

Walio Holili na Taveta wana Ziwa Chala, kreta ambayo mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji yake. Kulitazama kutoka ukingoni na kulala hema juu ni raha. Kuogelea hapana: mamba wamo, na mwaka 2002 kijana wa Kiingereza aliuawa humo.

Makaratasi hayana siri kwa wasomaji wa ukurasa huu. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania beba pasipoti au hati ya kusafiria ya dharura, na kadi ya homa ya manjano. Ukiulizwa begi lina nini, lifungue wewe mwenyewe. Pale Mutukula ofisa alitoa hema letu, akalitazama, akauliza kama ni bidhaa. Mke wangu akamwambia ni nyumba.

Ijumaa iliyofuata alirudi Kabale na magunia mengine, akalipwa lile deni. Hema na mabegi havikurudi nasi Bukoba. Tuliviacha stoo kwa mteja wake, juu ya magunia, panya wasivifikie. Jaketi je? Alinunua la kwake, jipya, la rangi ya chungwa. Hilo anatembea nalo.